Mtoto haumwi kabisa ila choo kimekutwa na E. coli "yenye jeni za ukali", hii imekaaje?

mama_wa_wawili:
Habari zenu wakuu, naomba kueleweshwa na mtu anayeyajua haya mambo maana nimesoma soma mtandaoni nimezidi kuchanganyikiwa. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, aliingizwa kwenye utafiti wa choo cha watoto, walikuwa wanachukua watoto wanaoharisha na wasioumwa ili walinganishe, wa kwangu alikuwa upande wa wasioumwa. Majibu yamerudi, karatasi inasema kakutwa na E. coli aina ya EAEC, ana jeni aggR na aap, halafu ni sugu kwa ampicillin na septrin. Nilishtuka jamani. Mtoto mwenyewe anakula, anacheza, choo kinatoka vizuri, kuharisha nimesahau lini.

Kilichonichanganya zaidi, mtoto wa wifi yangu naye alikuwa kwenye utafiti huohuo ila yeye aliingia upande wa wanaoharisha, na karatasi yake nayo imeandikwa EAEC vilevile. Sasa mdudu mmoja, huyu kalala hoi na huyu anarukaruka, inawezekanaje? Dada wa utafiti aliniambia vizuri tu kwamba hakuna dawa ya kumpa, nimwangalie, lakini foleni ilikuwa ndefu sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi. Na ndani nina mwingine mchanga wa miezi minne, wanalala chumba kimoja, namnyonyesha. Huyu mkubwa atamuambukiza? Na kwenye fomu waliandika wanaangalia "utofauti wa vinasaba na ukali wa bakteria", ndo nini hasa?

benchi_la_maabara:
Dada pole kwa mshtuko, ila tulia kwanza. Mimi nafanya kazi maabara ya vijidudu, swali kama lako naulizwa sana. E. coli ni mwenyeji wa utumbo wa binadamu, mtoto anampata siku za mwanzo kabisa baada ya kuzaliwa, na hata daktari aliyemuelezea kwa mara ya kwanza, Theodor Escherich mwaka 1885, alimpata kwenye choo cha watoto wachanga. Kwa hiyo kuambiwa mtoto ana E. coli peke yake hakukuambii kitu. La kuuliza ni huyo E. coli kabeba jeni gani.

Hapa ndo wengi wanapopotea, wanadhani E. coli ni kitu kimoja. Mwaka 1997 walisoma vinasaba vyote vya K-12, E. coli wa maabara ambaye hadhuru mtu, wakakuta herufi za DNA kama milioni 4.6. Mwaka 2001 wakamsoma O157:H7, yule anayesababisha kuharisha damu, huyu akawa na kama milioni 5.5 na ndani yake jeni zaidi ya 1,300 ambazo K-12 hanazo kabisa. Jina moja, ukoo mmoja, ila mizigo waliyobeba ni mbalimbali mno.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Nikipaka choo cha mtoto kwenye sahani ya MacConkey (chakula cha kuoteshea bakteria) jioni, asubuhi nakuta makoloni ya pinki yamejaa, mviringo, yamekauka kauka juu, yote yanafanana. Nachokoa kadhaa, siyo moja, kila moja naliotesha peke yake halafu PCR, kipimo cha kutafuta jeni, ndo inasema nani ana jeni ipi. Na inatokea sana mtoto mmoja kuwa na aina mbili tatu za E. coli kwa wakati mmoja, makoloni matatu hayana kitu la nne ndo lina aggR. Kwa hiyo karatasi ikiandika "amekutwa na EAEC" haikuambii huyo EAEC ni wengi kiasi gani tumboni, labda ni wachache tu kati ya wenzao.

Sasa EAEC yenyewe, yaani E. coli wanaonata kwa kugandana. Ilitambuliwa miaka ya 1980 kwa namna inavyonata kwenye seli za binadamu zinazooteshwa maabara, zinaitwa HEp-2, ukiangalia kwa darubini wamejipanga wamebebana kama matofali ya ukuta. aggR ndo inayowasha jeni nyingine, ikiwemo ya vinyweleo anavyotumia kunatia. aap inatengeneza protini inayomfunika bakteria kwa nje ili wasigandane kupita kiasi, waweze kusambaa juu ya ute wa utumbo. Ukiwa na hizo una uwezo wa kukaa na kushika, lakini uwezo wa kushika siyo ugonjwa. Sumu ni jeni nyingine tena, na EAEC mmoja anazo mwingine hana.

kijana_wa_duka_la_dawa:
Mnamzungushia mama wa watu. Kama kimekutwa bakteria mkali mpe antibayotiki siku tano kasafishike, ngoja ngoja huumiza matumbo.

benchi_la_maabara:
Hapana kaka, hapo siwezi kukubaliana na wewe hata kidogo. Kwanza karatasi imesema ni sugu kwa ampicillin na septrin, ukimpa hizo unaua bakteria wengine wote waliokuwa wanambana halafu yeye unamuachia nafasi. Pili jeni za usugu mara nyingi zinakaa kwenye plasmidi, vile vipande vya DNA vinavyojitegemea ambavyo bakteria mmoja anampitishia mwenzake, kwa hiyo kila dozi isiyo na sababu inawapa mtaji wale wenye plasmidi. Mtoto haumwi. Hakuna cha kutibu.

daktari_wa_watoto:
Nakubaliana na ndugu wa maabara, naongezea upande wa wodini.

Mama, kilichotokea kwa mwanao na kwa mtoto wa wifi yako kimeshaonekana kwa maelfu ya watoto. Kuna utafiti mkubwa unaitwa GEMS, matokeo yalitoka 2013, ulifanyika nchi saba, yaani Kenya, Msumbiji, Mali, Gambia, India, Pakistan na Bangladesh, watoto zaidi ya 9,000 wenye kuharisha kwa kiwango cha kati hadi kikali, na zaidi ya 13,000 wasioharisha. Wanaoharisha walikutwa na angalau kimelea kimoja kwa asilimia 83. Wasioharisha je? Asilimia 72. Yaani karibu watoto watatu kati ya wanne wanaocheza uani wana kitu chooni ambacho kwenye kitabu kimeandikwa ni kisababishi cha kuharisha. Ndo maana tafiti za namna hii lazima zichukue na watoto wazima, bila wao ungemlaumu kila mdudu unayemkuta. Walipolinganisha hivyo wachache ndo wakabaki na hatia kubwa: rotavirusi, Cryptosporidium, Shigella na ETEC, aina nyingine ya E. coli, ile yenye sumu iitwayo ST. EAEC hakuwepo kwenye hao wanne. Kwa hiyo hata kwa mtoto wa wifi yako nisingeapa kwamba ni EAEC aliyemharisha, inawezekana kabisa kulikuwa na kitu kingine na EAEC alikuwepo tu.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani EAEC ni wa kupuuzwa, maana kuna upande wa pili. Utafiti mwingine wa MAL-ED ulifuatilia watoto tangu kuzaliwa kwenye nchi nane, Tanzania ikiwemo, ukachukua choo hata pale mtoto haumwi. Watoto waliokuwa wanakutwa na EAEC mara kwa mara bila kuharisha walikuwa na dalili za uvimbe kwenye utumbo, na urefu wao uliongezeka pungufu kuliko wa wenzao. Siyo kuharisha, ni ule uchokozi wa kimyakimya wa ukuta wa utumbo, unaendelea miezi na miezi mzazi haoni kitu. Mimi hilo ndo linanisumbua kuliko kuharisha kwa siku tatu. Kwa hiyo usimpe dawa, ila kadi yake ya kliniki ifuatilie kweli, uzito na hasa UREFU, maana uzito watu wanapima ila urefu wanauruka. Mstari wa kwenye kadi ukilala badala ya kupanda, rudi na hiyo karatasi.

Mchanga wako: endelea kumnyonyesha maziwa peke yake mpaka miezi sita. Ndani ya maziwa ya mama kuna kinga aina ya IgA inayowashika bakteria kabla hawajanata, na kuna sukari fulani ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya kabisa, zinapita mpaka utumbo mpana zikawalishe Bifidobacteria, na hao wakistawi wanaufanya utumbo kuwa na asidi ambayo E. coli wengi hawaifurahii. Mkubwa anaweza kumpitishia, ndiyo, watu wa nyumba moja wanapeana bakteria sana, ila njia ni kinyesi kwenda mdomoni siyo kulala chumba kimoja. Kwa hiyo mikono kwa sabuni ukishamtawadha huyo mkubwa, kabla hujamshika mdogo. Hapo ndo penyewe.

Mmoja wao akija kuharisha: ORS mapema, zinki kwa siku 10 mpaka 14, na kunyonya kusisimame. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, mtoto amelegea, hanywi au anatapika kila kitu, usisubiri ushauri wa mtandaoni, nenda. Na choo chenye damu usianze antibayotiki mwenyewe nyumbani. Kuna E. coli wenye sumu ya Shiga, hao dawa inaweza kuwafanya watoe sumu zaidi, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano sumu hiyo ndo inayoweza kufikia kuua figo. Daktari ndo aamue.

mama_wa_wawili:
Asante sana daktari na ndugu wa maabara, Mungu awabariki, moyo umetulia kidogo. Urefu kweli hawajampima muda mrefu, nitauliza. Ila bado sijajibiwa lile swali kwa ukamilifu, kama wote wawili wameandikiwa EAEC, ni yuleyule au siyo yuleyule? Maana wanacheza pamoja kila wikiendi.

msoma_jenomu:
Dada hilo nalichukua mimi, ndo kazi ninayosomea, nafurahi umeliuliza maana ndo kiini cha hiyo fomu yako.

EAEC siyo ukoo. Ni kundi la bakteria waliopewa jina moja kwa sababu ya wanachokifanya na jeni walizobeba, ila ukifuata nasaba zao unakuta wametoka pande tofauti kabisa za mti wa E. coli. E. coli tunawagawa kwenye makundi makubwa, A, B1, B2, D na mengine, na EAEC unawakuta karibu kote. Kwa nini? Kwa sababu aggR inakaa kwenye plasmidi, na plasmidi inahama. E. coli mpole wa kundi A akiipokea anakuwa EAEC, mwingine wa kundi D akiipokea naye anakuwa EAEC, baba zao wameachana zamani sana. Kuna jeni zinazohama kwa njia ya plasmidi, nyingine zinaletwa na faji, yaani virusi vya bakteria, ile ya sumu ya Shiga iko kwa faji, na nyingine zimejichimbia kwenye kromosomu kwa mafungu, mfano lile fungu la EPEC, aina nyingine ya E. coli inayoharisha watoto, la herufi kama 35,000 lenye vifaa vyote vya kujigandisha kwenye seli ya utumbo. Huyo EPEC bwana ananishangaza kila nikisoma, anaichoma seli ya mtoto kwa kitu kama sindano, anaingiza humo protini yake mwenyewe inaitwa Tir, ile protini inakaa kwenye ngozi ya seli halafu yeye anakuja kuishika hiyohiyo. Anakuja na mlango wake.

Ushahidi kwamba jina EAEC halitoshi upo. Mwaka 1995 walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima waliojitolea kunywa EAEC, aina nne tofauti, kila aina watu watano. Aina moja, 042, ambayo ilitoka kwa mtoto wa Peru, iliharisha watu watatu kati ya watano. Zile tatu nyingine hakuna hata mmoja aliyeharisha. Wote EAEC! Kwa hiyo mwanao anaweza kuwa na mmoja wa hao watulivu na binamu yake akawa na mwenye sumu zaidi, au wote wana yuleyule na tofauti iko kwa watoto wenyewe: umri, lishe, kinga aliyoijenga kwa kukutana naye zamani, na bakteria wengine waliokwisha kujaa utumboni.

Na hizi jeni zikichanganyika vibaya ndo majanga yanapotokea. Mwaka 2011 Ujerumani ulizuka mlipuko wa E. coli aitwaye O104:H4, watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa, figo za mamia zikaharibika, walipomsoma vinasaba wakakuta ni EAEC aliyepata faji yenye sumu ya Shiga. Mwenye uwezo wa kunata kapata na sumu kali. Sisemi hivi kukutisha dada, nasema ili uelewe kwa nini watu wanahangaika kusoma vinasaba vya bakteria wa watoto wasioumwa, hao ndo wenye ghala la jeni, ukisoma wagonjwa tu unaona nusu ya picha.

mdau_wa_pembeni:
Samahani naingilia, nimesoma kwamba kundi B2 ndo wabaya, wana jeni za saratani. Je watoto wapimwe hilo?

msoma_jenomu:
Unaongelea fungu la pks linalotengeneza colibactin, sumu inayoharibu DNA ya seli zetu. Ni kweli wengi wenye nalo ni B2. Na ni kweli mwaka 2025 kwenye jarida la Nature ulitoka utafiti wa saratani za utumbo mpana zaidi ya 900 kutoka nchi 11, alama zinazoachwa na colibactin kwenye DNA zilikuwa mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70, na ilionekana alama hizo zinachorwa mapema, utotoni. Ni jambo zito, nalifuatilia kwa makini. Lakini watu wengi wazima wanaishi na B2 maisha yao yote, na hata Nissle 1917, E. coli anayeuzwa kama bakteria rafiki wa tumbo, ni B2 na ana fungu hilohilo la pks. Kwa hiyo kumpima mtoto asiyeumwa halafu ukamwambia mama "ana pks", mama atafanya nini na hilo jibu? Hakuna tiba iliyokubalika ya kumuondoa. Unampa wasiwasi bure.

daktari_wa_watoto:
Naunga mkono. Kipimo ambacho jibu lake halibadilishi chochote utakachomfanyia mtoto, bora kibaki kwenye utafiti. Wodini huku naona wazazi wanakuja na karatasi ndefu ya PCR yenye vimelea sita, mtoto ana mafua.

mama_wa_wawili:
Sasa nimeelewa kwa kweli. La mwisho, nirudie kipimo baada ya muda nione kama katoka?

benchi_la_maabara:
Usirudie dada, pesa zako utazihitaji kwingine. E. coli kwa watoto wadogo wanabadilika badilika, kuna wanaokaa miezi na kuna wapita njia, ukirudia unaweza ukakuta huyu kaondoka na kaingia mwingine mwenye jeni tofauti, utaanza upya kuhangaika. Akiwa haumwi, acha.

msoma_jenomu:
Kweli kabisa. Ila kama unataka kujua yule wa mwanao na wa binamu yake ni mmoja au la, waulize hao wa utafiti kama walifanya MLST, kipimo cha kutambua ukoo wa bakteria, wanasoma jeni saba za kawaida ambazo kila E. coli anazo na kutoa namba, inaandikwa ST (siyo ile sumu ya ST). Namba zikiwa tofauti, basi ni wawili tofauti, huyu hakumpa yule. Zikifanana bado siyo uthibitisho, hapo lazima walinganishe jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, herufi kwa herufi, zikipishana herufi chache sana ndo unaweza kusema wamepeana au wamempata sehemu moja. Wengine wanakubali kutoa hayo majibu mzazi akiomba. Ukizipata hizo namba mbili ziweke hapa, nitakusaidia kuzisoma.